Mlango wa Kuvuta

Mgeni yeyote aliyekwenda kwa seremala mara ya kwanza alitambulika kwa nundu kwenye paji la uso. Angebisha hodi, angeambiwa karibu, angesukuma mlango, mlango ungekataa. Angesukuma kwa bega, ungekataa zaidi. Kisha mtu wa ndani, kwa kumhurumia, angekuja kumfungulia, na mlango ungemjia usoni kwa nguvu zake zote. Hapo pole zingefuata, na kitambaa cha maji baridi, na maelezo ya seremala mwenyewe, ambaye hakuchoka kuyatoa.

"Huu ni mlango wa kisasa, bwana. Unafungukia nje. Mlango wa kufungukia ndani unakula chumba. Sasa wewe chumba umejijengea mwenyewe, au umeujengea mlango?"

Nani asiyetaka usasa? Mmoja alinunua, jirani akaona wivu naye akanunua, na mwisho mtaa mzima, kuanzia kona ya duka mpaka kwenye ghala kuukuu la pamba, ukawa na milango ya kuvuta. Watoto waliozaliwa mtaani hapo walipokwenda shule au zahanati walivuta milango ya watu mpaka vitasa vikawabaki mkononi.

Kumbe hapakuwa na usasa wowote. Ng'ambo ya mto, alikozaliwa seremala, kuna upepo usio na adabu. Mlango wa kufungukia ndani unasukumwa na upepo huo ukakulalia kitandani, lakini wa kufungukia nje, kila upepo ukiusukuma ndivyo unavyozidi kukaza. Hivyo ndivyo baba yake alivyomfundisha, na mikono ikishajifunza jambo huwezi kuidanganya. Kinywa ndicho hodari wa uongo. Kinywa cha seremala kilisema asubuhi na jioni, "Sisi wazawa wa hapa," hata watu wakampa jina la Mzawa, naye akaliitikia kwa furaha kama mtu aliyeitwa kula.

Siri hiyo waliijua watu watatu tu: Mzawa mwenyewe, mkewe msusi, na mama yake Mzawa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Bubu.

Bibi hakuwa bubu. Alikuwa na ulimi mzima, mrefu, na mkali kuliko patasi ya mwanawe. Ila ulimi huo ulikuwa na lafudhi ya ng'ambo, ile inayopandisha kila sentensi mwishoni, hata mtu akikutukana unadhani anakuuliza swali. Siku alipofika kuishi na mwanawe, miaka tisa iliyopita, jirani mmoja alimsogelea mlangoni akamwamkia. Bibi alifungua kinywa ajibu. Mzawa akadakia: "Mama hasemi. Homa ya utotoni ilimchukua ulimi." Bibi alimtazama mwanawe, akafunga kinywa. Alidhani ni mambo ya wiki moja.

Msusi, Mungu amsamehe, mwanzoni alifurahi. Wanawake wangapi wameomba mama mkwe asiyesema wasipewe? Yeye aliletewa mpaka mlangoni. Lakini furaha hiyo ilidumu mpaka jioni ya kwanza. Mlango ulipofungwa tu, Bibi aliyatoa maneno yote aliyoyaweka akiba tangu asubuhi: mchuzi una chumvi, kitanda kina kunguni, mwanangu umekonda, mkeo anasuka vizuri lakini anakoroma. Mzawa alirukia redio akaifungulia sauti ya juu ili majirani wasisikie. Tangu siku hiyo, kila jioni redio ilinguruma na Bibi akanguruma juu yake, na mtaa ukajua kwamba nyumba ile ina watu wanaopenda sana taarifa ya habari.

Mchana Bibi alikaa kwenye kona ya chumba cha mbele, ndiyo saluni ya msusi, akichambua nywele za bandia nyuzi kwa nyuzi. Wateja walimsahau. Watu wana kosa moja la kuchekesha: wakiambiwa mtu hasemi, hudhani hasikii pia. Na mtu aliyeshikwa kichwa saa tatu nzima atafanya nini zaidi ya kueleza maisha yake?

*

Malori mawili yaliingia mtaani mchana wa jua kali yakashusha watu mbele ya ghala la pamba. Mto ulikuwa umefurika ng'ambo, umekula mashamba na nyumba, na serikali ilikuwa imewatafutia wale watu pa kulala. Ghala lilikuwa na paa na kuta. Mlango lilikuwa nao zamani, lakini kuni nazo huwa adimu. Wale watu wakatundika gunia mahali pa mlango, wakajipanga ndani familia kwa familia, na kesho yake asubuhi foleni ya bomba ikawa ndefu maradufu.

"Wakuja hao!" alisema Bi Mizani, mke wa mwenye duka. Jina hilo alilipata kwa sababu alimpima kila mtu, na hakuna aliyewahi kutimia uzito. "Juzi wamefika, leo wanatutangulia kwenye maji. Kesho watatutangulia wapi? Kwenye vitanda vyetu?"

Mkutano ukaitishwa barazani pa duka. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Mzawa. Hapo ndipo mkewe alipoona kwamba mwoga akijificha hujificha nyuma ya kelele. "Sisi wazawa tutakunywa nini?" aliuliza, mkono hewani. "Babu zetu walilitolea jasho bomba hili!" Watu wakapiga makofi. Mwalimu Mstaafu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, alipendekeza bomba lijengewe kibanda chenye mlango na kufuli, funguo wapewe wenyeji tu. Na kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa alikuwa amehama, mwenye duka akaongeza kwamba yule atakayejenga kibanda hicho bila kudai ujira, basi huyo ana moyo wa uongozi, na Jumapili akishazindua mlango wake, mtaa utajua la kufanya.

Mzawa alirudi nyumbani anatembea kwa vidole. "Mwenyekiti," alimwambia mkewe. "Unasikia? Mke wa mwenyekiti!"

"Nasikia," alisema msusi. "Na wale wa ghalani watakunywa wapi?"

"Kuna kisima kule bondeni."

"Kile walichofia mbuzi?"

Mzawa alifungua redio. Bibi, aliyekuwa ameshika kikombe cha chai, hakusema neno. Msusi alilisikia hilo kuliko redio.

*

Siku mbili baadaye Bi Mizani alikuwa kwenye kiti cha kusukia, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, anaeleza namna wakuja walivyo wachafu. Hodi ikapigwa. "Karibu," aliitika msusi, akasubiri sauti ya kawaida ya mtu anayesukuma.

Haikuja. Mlango ulivutwa taratibu, bila kusitasita, akaingia mwanamke amebeba pacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Chanuo lilibaki hewani mkononi mwa msusi. Miaka yote ile hajaona mgeni akiuvuta mlango ule kwa mara ya kwanza.

"Samahani, dada," alisema Mama Pacha, sauti ikipanda mwishoni. "Natafuta kibarua. Kuosha, kufagia, chochote. Nimepita nyumba zote. Nilipoona milango yenu, moyo ulitulia. Nikasema hapa pana mtu wa kwetu."

"Hapana," alisema msusi upesi mno. "Hapana mtu wa kwenu. Ni milango ya kisasa."

Bi Mizani aligeuza kichwa chake cha nusu kwa nusu. "Huyu kauvuta kama wa kwake," alisema polepole. "Mimi mara ya kwanza mlango huu ulinipasua mdomo."

"Bahati," alisema msusi.

Mama Pacha hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amemwona Bibi kwenye kona, na mikono ya Bibi ilikuwa imeganda ndani ya nywele za bandia. Yule mwanamke alisogea, akapiga magoti pale sakafuni na watoto wake wawili, akainamisha kichwa.

"Tumefika, mama," alisema.

Kwa watu wa ng'ambo salamu hiyo haina utani. Aliyefika ugenini akimsalimia mkubwa hivyo, mkubwa sharti ajibu: "Mmefika kwenu." Ni maneno mawili tu. Asipoyasema, maana yake ni moja: sikuoni kuwa mtu.

Midomo ya Bibi ilitikisika. Macho yake yalimwendea mkwewe, yakamwendea Bi Mizani, yakarudi kwa yule mwanamke aliyepiga magoti. Msusi angeweza kusema neno. Angeweza kumtuma Bi Mizani nje kwa sababu yoyote ile. Badala yake akasema, na aibu ya sauti yake mwenyewe ilimchoma masikio: "Usijisumbue, dada. Huyo ni bubu."

Mama Pacha alisubiri kidogo. Kisha akanyanyuka, akamtazama Bibi usoni kwa muda, akatoka. Hakuhitaji kuambiwa jinsi ya kuufunga mlango.

"Bubu," alisema Bi Mizani, akirudisha kichwa chake kwenye mikono ya msusi. "Lakini mbona analia?"

*

Jioni hiyo Bibi hakusubiri redio. "Nimeacha salamu bila jibu," alisema. "Mimi! Binti wa baba yangu! Mtu kanipigia magoti na watoto mgongoni, nami nikamkodolea macho kama samaki mfu. Basi. Nahamia ghalani."

"Mama!" Mzawa aliiendea redio mbio, akakosa kitufe, wimbo wa tangazo la sabuni ukalipuka. "Mama, Jumapili tu. Nivumilie mpaka Jumapili."

"Ulisema wiki moja. Wiki yako ina miaka tisa."

"Wakijua, nani ataninunulia hata stuli? Unataka wajukuu wako waitwe wakuja?"

"Wajukuu gani? Mnapata wapi nafasi ya kuzaa na redio hiyo?"

Msusi alicheka, kisha akajuta kucheka, maana mumewe alikuwa ameketi kwenye benchi lake la kazi ameshika kichwa. "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho," alisema Mzawa. "Mimi nilifanya hivyo tu. Nilivunja langu."

"Ulivunja lako?" alisema Bibi. "Ulivunja langu, mwanangu."

Baada ya maneno hayo alinyamaza. Asubuhi alinyamaza kama kawaida. Lakini jioni ilipofika, mlango ukafungwa na redio ikafunguliwa, akaendelea kunyamaza. Msusi alimtilia chumvi ya makusudi kwenye mchuzi. Bibi alikula. Mzawa alimuuliza kama kitanda kina kunguni. Bibi alitazama ukuta. Chini ya kitanda hicho palikuwa na furushi lililofungwa tayari, khanga mbili na kikombe chake.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Redio ilisema peke yake. "Si unaona," alinong'ona Mzawa, uso umemparara. "Amekuwa bubu kweli. Nimemloga mama yangu kwa mdomo wangu."

Msusi alikuwa akigundua jambo ambalo hangemwambia mwanamke yeyote kwenye kiti chake: alikuwa amezoea kusemwa. Alizikumbuka kelele zile zote, chumvi, kukoroma, namna asivyojua kukunja shuka. Mama yake mzazi alikufa yeye akiwa mdogo, na hakuna mtu mwingine duniani aliyejali kama amekunja shuka. Usiku akamwinamia mama mkwe wake sikioni. "Mama, nitukane hata kidogo." Bibi alimpapasa shavu, akageukia upande wa pili.

Jumapili asubuhi Mzawa alivaa koti. "Mama abaki," alisema. "Ufunge mlango, uondoke na ufunguo."

Msusi alipiga moyo konde. Alibeba kiti cha Bibi kwa mkono mmoja, akamshika Bibi mwenyewe kwa mkono mwingine. "Mama anakwenda kumwona mwanawe akizindua mlango," alisema. "Ukitaka abaki, nifungie na mimi."

*

Kusema haki, mlango ulikuwa mzuri. Mzawa alikuwa ameupiga randa ukateleza kama sabuni, akautia bawaba nne za shaba na kufuli ya ukubwa wa ngumi. Kibanda kilisimama kimelizunguka bomba, na watu wa mtaa walisimama wamekizunguka kibanda. Watu wa ghalani walisimama nyuma, ndoo zao chini, kama wageni wa harusi wasiojua kama wamealikwa. Msusi alikiweka kiti cha Bibi mbele kabisa.

Ofisi ya maji ilikuwa imemtuma afisa wake. Watu walimwita Bwana Maji, na alikuwa ameombwa kwa heshima ya cheo chake kuufungua mlango mara ya kwanza. Mwalimu Mstaafu alisoma hotuba. Mwenye duka alikohoa. Bwana Maji alitia ufunguo, akazungusha, akasukuma.

Mlango ulikataa. Bwana Maji alitabasamu, akasukuma kwa mikono miwili. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaweka bega.

"Umekwama," alisema, akipangusa uso. "Fundi, mbao hazijakauka."

Mzawa alifungua kinywa, lakini sauti nyepesi ilimtangulia kutoka nyuma. "Vuta, bwana! Usiusukume. Milango yetu huvutwa." Mama Pacha alipenya katikati ya watu kwa nia njema kabisa, na pacha wake, akakamata kitasa kwa kidole kimoja, akavuta. Mlango ulifunguka bila mlio.

"Yetu?" aliuliza Bwana Maji.

"Yetu?" aliuliza Bi Mizani, na macho yake yalianza kupima: kutoka kwa Mama Pacha mpaka kwenye mlango, kutoka kwenye mlango mpaka kwa Mzawa.

"Usasa," alisema Mzawa. Neno lilitoka dogo sana.

"Mimi nimefanya kazi ng'ambo ya mto," alisema Bwana Maji, akiitazama bawaba. "Huko ndiko milango yote iko hivi. Ni kwa ajili ya ule upepo. Fundi, wewe ulijifunzia wapi?"

Mzawa naye akaitazama bawaba, kana kwamba bawaba ndiyo iliyoulizwa. Na hapo Mama Pacha alimwona Bibi kwenye kiti chake. Alisita. Mtu aliyekataliwa mara moja ana haki ya kupita pembeni. Lakini alipiga magoti palepale kwenye tope la bomba, mbele ya watu wote.

"Tumefika, mama."

"Mmefika kwenu," alisema Bibi.

Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuishinda redio. Mpaka kwenye kona ya duka walisikia.

Aliyekuwa wa kwanza kuzinduka alikuwa Bi Mizani. "Muujiza!" alipiga kelele, mikono kichwani. "Bubu kasema! Bomba limefunguliwa, bubu kasema! Ni haya maji!" Watu wakaruka. Ndoo zikagongana. Mwalimu Mstaafu, ambaye hakuwahi kuamini jambo asilolisoma, alivua kofia yake akaikinga chini ya bomba. Mwenye kiwete wake alikwenda mbio kumwita.

Mzawa aliiona njia ya kutokea. Ilikuwa imefunguliwa wazi mbele yake, na hakuhitaji hata kudanganya, alihitaji kuitikia tu. "Ni kweli, ndugu zangu," alianza, akiinua mikono. "Mungu ni mk—"

"Nyamaza!" alisema Bibi. "Mimi nimenyamaza miaka tisa. Wewe huwezi dakika moja?"

Mikono ya Mzawa ilishuka.

"Mimi si bubu," Bibi aliuambia umati, na kila sentensi ilipanda mwishoni kwa raha zake. "Sijawahi kuwa bubu. Huyu niliyemzaa aliona haya nisije nikasema kama hawa. Mimi ni mtu wa ng'ambo. Yeye ni mtu wa ng'ambo. Na milango yenu yote mnayojifungia msiibiwe na watu wa ng'ambo, ni ya ng'ambo."

"Kumbe!" Bi Mizani alishusha mikono kutoka kichwani akaiweka kiunoni. "Kumbe wakuja! Tumekaa nao, tumekula nao..."

"Na wewe, mwanangu," Bibi alimgeukia kwa upole wa kutisha. "Siku ulipokuwa unasukwa kwa harusi ya mdogo wako, si ulisema mama yako aliingia mji huu amelala chini ya magunia ya vitunguu? Ukasema askari walipopanda kwenye lori, vitunguu vikapiga chafya. Ulicheka mpaka mkwe wangu akakupa kitambaa."

Mtu mmoja nyuma alipiga chafya. Hakuna ajuaye kama ilikuwa mafua.

"Mwalimu. Mkeo husukwa kila mwezi, ana nywele laini na maneno mengi. Baba yako alikuja na kiwanda cha kamba, akaingia kazini kwa jina la mwenzake aliyefia njiani. Jina hilo ndilo uliloliandika kwenye hotuba yako." Mwalimu Mstaafu aliimwaga kofia polepole. "Mwenye duka, babu yako alikuja mwaka wa nzige. Alilala wapi? Mkeo alisema mwenyewe. Humo ghalani, upande wa kushoto, karibu na dirisha bovu. Na huyu mkwe wangu ninayempenda, anayekoroma, baba yake aliletwa kuchimba mtaro wa bomba hilihili. Mtaro ulikwisha, yeye akasahau kurudi kwao."

Msusi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka machozi yakimtoka, kwa sababu ametukanwa, tena mbele ya watu. Kicheko kilikwenda kwa jirani, kikaenda kwa wa ghalani, na watu walioogopa zamu yao wakaanza kuondoka kwa ubavu. Wengine walisogea mbele. "Na sisi, Bibi?" aliuliza kijana wa gereji. "Sisi tulikujaje? Mama hataki kunieleza."

"Mama yako ana sababu," alisema Bibi. "Njoo kesho."

Bwana Maji alikuwa bado ameshika ufunguo. "Sasa jamani," alisema. "Mimi huu mlango niufunge au niufungue?"

Watu wote walimtazama Mzawa. Yeye alimtazama mama yake, na msusi aliona uso wa mumewe ukivuka kila kitu alichokiogopa kwa miaka yote, kimoja baada ya kingine, na bado ukabaki ni uso. Mzawa alivua koti akampa mkewe. Akatoa bisibisi mfukoni, maana seremala haendi hata harusini bila bisibisi, akafungua bawaba nne za shaba. Aliuinamisha mlango, akaupandisha mgongoni.

"Unaupeleka wapi?" aliuliza mwenye duka.

"Pana nyumba mtaa huu ina gunia badala ya mlango," alisema Mzawa. Akaanza kutembea kuelekea ghalani ameelemewa na mlango, na wanaume wawili wa ghalani wakakimbia kushika ncha ya nyuma.

*

Uenyekiti aliupata mwenye duka. Mzawa akapoteza pia wateja kadhaa, na mmoja wao aliita fundi mwingine amgeuzie mlango ufungukie ndani, kama wa wazawa halisi. Familia nzima ikashindwa kuzoea. Walivuta, wakasukuma, wakavuta, mpaka baba mwenye nyumba akavunjika kidole, na mwisho wa mwezi akaja kwa Mzawa saa ya giza kuuliza kama bawaba zikigeuzwa mara mbili zinaharibika. Watoto wa mtaa walianza kumwita Mzawa kwa jina la Mkuja. Aliitikia, ingawa si kwa haraka ile ya zamani.

Bomba halikufungwa. Foleni ilibaki ndefu, na watu waliendelea kugombana ndani yake, lakini waligombana kwa sababu za kawaida, kama mtu kuweka foleni ndoo badala ya miguu yake.

Saluni ndiyo iliyobadilika. Mama Pacha alipata kibarua cha kuosha nywele, na pacha walilala kwenye kikapu cha mataulo. Wateja walikuja, maana nywele hazijui hasira, hata Bi Mizani alirudi. Alikaa kwenye kiti akafumba mdomo. Wote walifumba midomo. Siku nzima saluni ilikuwa na watu wasiosema hata neno, wanatazama kwa hofu kwenye kona ambako Bibi anachambua nywele za bandia na kuongea bila kituo, kuhusu mvua, kuhusu magoti yake, kuhusu namna msusi anavyogawanya njia ya nywele ikapinda kama mto.

Jioni moja Mzawa aliingia kutoka kazini, akavuta mlango ukafungika. Bibi alikuwa amekwisha kuanza: mchuzi hauna chumvi sasa, mmezidisha kuogopa. Kwa mazoea mkono wa Mzawa uliruka kwenye redio. Ukasimama hewani.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimesahau."

"Fungua," alisema Bibi.

"Hapana, mama. Sema tu. Hakuna tena wa kumficha."

"Nimesema fungua. Miaka tisa mnanifungulia redio, na sijawahi kusikia taarifa ya habari hata moja."

Mzawa akafungua. Bibi aliweka kikombe chini, akawainulia kidole mwanawe na mkwewe ili watulie, akanyamaza, kwa hiari yake, akasikiliza.